Gari la Mbio Lisilokimbia

Plymouth Road Runner ya 1968 iliuzwa Marekani kwa bei ya kuanzia chini ya dola 3,000, ili kijana asiye na kitu naye apate kukimbia. Aliyetaka aliongezewa injini ya Hemi ya lita 7, nguvu za farasi 425. Breki za diski zililipiwa kando, maana kusimama ni anasa.

Leo likishakarabatiwa na kutangazwa, gari hilo huwa bora zaidi: haliendeshwi. Huletwa mnadani juu ya trela, limefunikwa kama bi harusi, na tangazo hujivunia kwamba tangu lifufuliwe halijagusa barabara. Wazee wenye uwezo hukagua namba za injini kwa tochi, wakihakikisha kitakachokaa bila kutumika ndicho kilichotoka kiwandani. Honi yake, inayoiga ndege wa katuni asiyekamatika, imejaribiwa na inalia.