Korongo Aliyekuja Kutazama Mbuzi

Paliondokea Korongo mmoja, msomi, akashuka Arua, Uganda, kando ya mto Enyau na daftari chini ya bawa. Akawakusanya mbuzi, akasema: "Sitauliza, sitashauri, wala sitagusa kitu. Nitatazama tu mnavyoishi. Endeleeni kama kwamba sipo."

Kunguru, aliyejua Kilugbara, Kinubi na Kiswahili, na aliyelipwa kwa siku, akatafsiri: "Mgeni anasema tushike adabu."

Wakashika adabu. Mihogo ilikuwa imeanikwa juu ya mwamba, haina mlinzi, hakuna aliyeigeukia. Beberu, ambaye siku zote hugombea kivuli cha mwembe kwa pembe, akawapisha wazee. Korongo akaandika: "Jamii tulivu. Mihogo hawaijui." Alipolala, mwamba ukabaki mtupu.

Vifaranga nao walikuwa kazini. Walitumwa na wazee kumtazama Korongo, na taarifa yao ya kwanza ilikuwa fupi: mbele ya watu husimama kwa mguu mmoja, wa pili anauficha.

"Mambo ya kale hayo," akasema Mzee Kobe. "Kati ya 1949 na 1952 alikaa kwa Walugbara wa hapa Mwingereza, John Middleton, akichunguza dini na koo zao. Wenyewe walikuwa na habari zao kuhusu Wazungu: ukiwatazama hutembea kwa miguu, wakipotea machoni hutembea kwa kichwa." (Middleton aliyaandika hayo mwenyewe, bila kununa. Watafiti wa namna hiyo ni haba.)

Vifaranga wakangoja alfajiri, wakanyemelea mtoni. Wakamkuta Korongo kichwa majini, mkia juu, anasaka vyura. Nadharia ikathibitika, kikao kikafungwa.

Korongo akaendelea hadi Koboko, karibu na mipaka ya Kongo na Sudan Kusini. Huko kanga hawakuhitaji tafsiri. Wamekwisha kutazamwa na wengi. Walipanga foleni, kila mmoja na kitambulisho chake, na mama yao akauliza kwa upole: "Mwalimu, leo unatutazama tukiwa na njaa, au tukiwa wajasiriamali? Tujue tuvae nini." Korongo alipohesabu, kanga mmoja akaingia daftarini mara tatu: asubuhi Mganda, adhuhuri Mkongo, jioni Msudani. Si uongo, siku ya soko ndivyo alivyotembea.

Ripoti ikatoka, nene, yenye picha ya beberu akimpisha ajuza. Wafadhili waliposoma kwamba mbuzi wa Arua hawaijui mihogo, machozi yakawalenga. Mwaka uliofuata ukaja mradi wa kuwafundisha kuila. Mbuzi walihudhuria wote, wakatia sahihi, wakanywa soda, wakauliza maswali mazuri kuhusu namna ya kutafuna. Beberu akatunukiwa cheti cha mwanafunzi aliyeelewa haraka.