Shikamoo Shangazi: Uso Wangu Umezeeka Kabla Yangu

Wiki hii barua zimenifikia kama mahindi ya Oktoba, magunia kwa magunia, na karibu zote zinalia kuhusu ngozi. Zamani mliniandikia habari za mume aliyepotelea Kitale na mama mkwe anayefunua sufuria bila kubisha hodi. Tangu Agosti 2024, Eldoret ilipopewa hadhi ya jiji, naona mmeamua nyuso nazo zipandishwe hadhi. Sina neno. Mimi mwenyewe nina miaka sitini na kitu, na hicho kitu kinajulikana na kitambulisho changu tu. Ila kabla sijamjibu mtu, swali langu ni lile lile la mzazi anayemkuta mtoto dukani na pesa asiyoijua: nani amekutuma?

*

*Shikamoo shangazi! Mimi ni mama wa miaka 47, naishi Kapsoya. Chama chetu kina wanawake kumi na wawili. Tulianza kwa kununuliana sufuria, tukaenda kwa viti, tukamaliza na matangi ya maji. Mwaka huu mweka hazina amesema vyombo vimetosha, sasa tununuliane viuno. Kila mwezi mmoja wetu apelekwe Nairobi atolewe mafuta ya tumbo, na anayetaka yahamishiwe nyuma. Kura imenipa Novemba, na koito ya binti yangu, ile sherehe ya mahari, ni Desemba. Nikikataa nitaonekana mshamba. Mume wangu hajui lolote. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu. Kwanza nampongeza mweka hazina wenu, maana chama kilichomaliza sufuria zote za Eldoret si cha mchezo. Lakini sufuria ikivuja hurudishwa dukani.

Nikueleze unachonunua. Daktari hutoboa matundu madogo, akaingiza bomba jembamba la chuma chini ya ngozi na kulisukuma mbele na nyuma, kama fundi anayezibua sinki, likinyonya mafuta. Hayo ni mafuta yaliyo kati ya ngozi na msuli. Tumbo la mwanamke aliyezaa watoto wanne aghalabu lina mambo zaidi ya mafuta: misuli imeachana, ngozi imelegea, na bomba halishoni msuli wala halikunji ngozi. Wala si dawa ya kupunguza uzito, hata kama picha za mitandaoni zinakuapia. Mwenye kilo tisini huingia nazo na kutoka na themanini na kitu, pamoja na deni.

Huko kuhamishia nyuma ndiko kunakonitia baridi zaidi. Mafuta yakidungwa ndani sana yakaingia kwenye mshipa mkubwa wa damu, husafiri hadi kwenye mapafu, na hapo mchezo huisha. Mwaka 2017 jopo la madaktari wa upasuaji wa urembo lilikadiria kifo kimoja kwa kila wagonjwa 3,000 hivi, kiwango cha kutisha kwa upasuaji ambao hakuna aliyekuwa mgonjwa. Baadaye mbinu zilirekebishwa. Lakini hapa kwetu, Oktoba 2024, mama mmoja alifariki Nairobi baada ya upasuaji wa kutoa mafuta, na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, likaifunga kliniki. Alikuwa ameingia akitembea kwa miguu yake.

Kwa hiyo, kama safari bado ipo, fanya kazi ya mweka hazina. Ingia kwenye tovuti ya KMPDC utafute jina la daktari. Angalia kama leseni yake ni ya mwaka huu, na kama ubingwa wake ni wa upasuaji wa aina hii au ni wa kitu kingine kabisa. Jengo nalo lina leseni yake, iangalie. Kisha uliza: nani atanipa nusukaputi, na damu ikikataa kukoma nitapelekwa wapi, na kwa gari la nani? Wakikujibu kwa kukuonyesha picha za kabla na baada, chukua mkoba wako.

Na mume? Ukilala kwenye ile meza, hospitali itataka namba ya simu ya mtu wako. Utaandika ya mweka hazina?

Sasa koito. Ukipasuliwa Novemba, Desemba bado utakuwa umevimba, umefungwa vazi la kubana kutoka chini ya matiti hadi mapajani, huwezi kuinama kumimina maziwa ya mursik. Wageni watadhani una mgongo. Nao watakuwa wamekuja kubishania ng'ombe. Sijasikia bado koito iliyovunjika kwa sababu ya kiuno cha mama mkwe.

Kama tumbo hilo limekusumbua wewe tangu uzazi wa kwanza, kazungumze na daktari, na asikucheke mtu. Lakini nimeisoma barua yako mara tatu. Ina chama, ina koito, ina mume, ina ushamba. Mwenye tumbo simuoni.

*

*Chamgei shangazi. Nina miaka 58, mke wangu alifariki miaka mitatu iliyopita. Nimepata mchumba, mwalimu wa miaka 44, nami nikamwambia nina 49. Ndevu nazipaka rangi nyeusi kila Jumamosi. Juzi kwenye mazishi huko Turbo nilisimama kuhutubia, mvua ikanyesha, rangi ikateremka hadi kwenye kola ya shati jeupe. Watu walisahau marehemu. Nataka nikakazwe uso kabisa, niachane na mambo ya rangi. Ni mimi kijana wa Kapseret.*

Chamgei mising, "kijana". Pole kwa kufiwa, na pole kwa shati.

Daktari anaweza kukukaza mashavu, akavuta na shingo, akakata ngozi iliyozidi na kukushona nyuma ya sikio. Lakini ibinda yako, rika lako la jando, ataikaza kwa uzi gani? Siku utakapokwenda kujitambulisha kwa kina mwalimu, hakuna mzee atakayekuuliza una miaka mingapi. Atakuuliza wewe ni ibinda gani. Ukijibu Kaplelach ilhali ulitahiriwa pamoja na Kipkoimet, jua kwamba pale kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango ameketi mtu mliyekaa naye jandoni, na anakungoja tu umalize sentensi. Marika yetu huzunguka, majina yakiisha yanarudi mwanzo. Njia pekee ya kuingia tena rika changa ni kusubiri mzunguko mzima, nao huchukua zaidi ya miaka 100.

Kuhusu rangi, nyingi za hizo nyeusi zina kemikali iitwayo PPD, na wapo watu ambao uso huwavimba hadi macho yakafunga. Kabla ya kupaka, jaribu kidogo ndani ya kiwiko, ungoje siku mbili. Kama unapenda ndevu nyeusi, paka. Nywele ni zako. Ila mwambie mwalimu ni 58. Mtu anayesahihisha hesabu kila siku, hiyo 49 yako ameshaitia alama nyekundu, anangoja uombe kurudia mtihani.

*

*Shikamoo shangazi. Nina miaka 34 na miezi 11, niko Langas. Mwezi ujao nitaacha kuwa kijana. Nimeendesha bodaboda miaka kumi na upepo wa barabara ya Uganda umenichora uso mzima. Nataka sindano ya botox ili nikienda kutafuta zabuni za vijana wasinishuku.*

Marahaba. Ibara ya 260 ya Katiba inasema kijana ni aliyefikisha miaka 18 na hajafika 35, na zile asilimia 30 za zabuni za serikali mnagawana na wanawake na watu wenye ulemavu. Afisa wa zabuni hatazami paji la uso. Anatazama kitambulisho, na kitambulisho hakidungwi sindano.

Hiyo botox ni sumu ya bakteria, ile ile inayoweza kumuua mtu aliyekula chakula cha kopo kilichoharibika. Kwa kipimo kidogo mno, hukata mawasiliano kati ya neva na msuli, msuli ukatulia, mkunjo ukanyooka. Baada ya miezi mitatu au minne msuli unaamka, nawe unarudi dukani. Marekani iliiruhusu kwa mikunjo ya kati ya nyusi mwaka 2002, na mikononi mwa mtaalamu ina kazi nyingine za maana, pamoja na kunyoosha macho yenye makengeza. Lakini wewe ni mtu wa bodaboda. Abiria akikataa kulipa, utamkunjia uso gani?

Nikupe hesabu nyingine. Eliud Kipchoge alizaliwa tarehe 5 Novemba 1984. Siku alipokimbia umbali wa marathoni huko Vienna kwa saa 1:59:40, tarehe 12 Oktoba 2019, alikuwa na miaka 34 na miezi 11, kama wewe leo. Mwezi uliofuata Katiba ikamtoa kwenye ujana. Miaka mitatu baadaye "mzee" huyo akaenda Berlin akaweka rekodi ya dunia ya 2:01:09. Uso wake umechorwa na jua na upepo wa Kaptagat, na maumivu yakizidi barabarani, huo uso hutabasamu. Hizo zabuni za vijana ziombe wiki hii, siku bado zipo. Nunua na helmeti yenye kioo.

*

*Shangazi, mimi nina 23, niko Elgon View. Niko na laini mbili kwa paji la uso nikiinua nyusi. Nianze matibabu mapema?*

Usiinue nyusi. Nami nisipochunga nitaziinua zangu.

Vaa kofia, mwanangu, na upake mafuta ya kukinga jua. Mji wetu uko kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na mionzi ya jua inayochoma ngozi huongezeka kwa asilimia 10 hivi kila unapopanda mita 1,000. Baridi ya hapa inatudanganya tunadhani jua halipo. Usinunue krimu ya kichupa kisicho na maandishi. Mimi niliinunua, karibu na steji, kutoka kwa dada mwenye uso mzuri ambaye nina hakika hakuwa akiitumia. Kwa wiki mbili nilikuwa mweupe mashavuni na mweusi vidoleni, kisha ngozi ikaanza kubanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Nilikwenda kanisani nikiwa na rangi tatu. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini kwa sababu, na sababu moja ni figo.

*

*Shikamoo shangazi. Kogo wangu ana miaka 78, anaishi Moiben. Masikio yake yalitobolewa na kuvutwa akiwa msichana, ndewe zinaning'inia karibu na mabega. Sasa anataka zishonwe! Anasema kitanzi kilinaswa kwenye kamba ya nguo, na mtoto wa ndugu yangu huingiza mkono mzima humo. Tumemkanya, hasikii la ndewe wala sikio. Mimi ninafanya mradi wa utamaduni chuoni na nilitaka kumpiga picha. Si ni aibu, bibi wa miaka 78 kwenda kwa daktari wa urembo? Mjukuu, Huruma.*

Marahaba, mjukuu. Umeniandikia kwamba hasikii la ndewe wala sikio bila kucheka? Basi mimi nimecheka kwa niaba yako.

Barua zote za juu ni za watu wanaosukumwa waonekane vijana. Hii yako ndiyo ya kwanza kunifikia ya mtu anayesukumwa abaki mzee, na anayemsukuma ana kamera.

Unadhani kogo anaanza urembo leo? Zile ndewe zilikuwa upasuaji. Zilitobolewa, zikatiwa kijiti, kisha kikubwa zaidi, mwezi baada ya mwezi, hadi zikabeba mapambo. Meno mawili ya chini ya mbele yaling'olewa, wazee wakisema ni ili mtu akibanwa taya kwa pepopunda aweze kunyweshwa. Hakuna aliyempa ganzi. Alilipa gharama ya uzuri wa siku zake, akauvaa, akaolewa nao. Kisha mji ukaja, wakaanza kumtazama, naye akajifunza kukunja kile kitanzi na kukipachika juu ya sikio akienda sokoni. Ulipokuwa mtoto ulimwona akifanya hivyo, sema kweli.

Upasuaji wenyewe haukuzaliwa kwa kiburi. Mwaka 1917, huko Sidcup, Uingereza, ilifunguliwa hospitali ambako Harold Gillies alijenga upya nyuso za askari waliovunjwa taya na pua katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka huo huo hapa kwetu ilianza hospitali ndogo ambayo leo ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Mpeleke huko, mkaulizie daktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbile. Ndewe hushonwa kwa ganzi ya hapo hapo, mgonjwa yuko macho anapiga gumzo. Kingo za kitanzi hukatwa kidogo ili zipate kuungana, zikashonwa, na nyuzi hutolewa baada ya wiki moja au zaidi kidogo. Mwambie daktari mapema kama katika ukoo wenu kuna watu ambao makovu yao huvimba na kukua, na kama kogo ana kisukari au presha.

Umeuliza kama ni aibu. Nimelitafuta lile swali langu katika barua yako: nani amemtuma? Wote mmemkataza na bado anataka. Huyo amejituma.

Lipa nauli, umshike mkono mkivuka barabara. Kidonda kikipona mnunulie herini nyepesi za kubana, za kutoboa zingoje miezi kadhaa. Na picha mpige siku atakapozivaa.