Sukari ya Hamira

Mwalimu wa Sayansi Jumuishi hana haja ya kunipigia simu. Huandika orodha nyuma ya daftari, na binti yangu huileta mezani saa ya chakula cha jioni, wakati maduka ya mtaani kwetu hapa Kitale yanashusha milango. Safari hii ilikuwa chupa tatu tupu za plastiki, maputo matatu, hamira, sukari na kipimajoto. Chini yake, kwa wino mwekundu: mzazi amsaidie mwanafunzi. Huyu mtoto aliingia gredi ya kwanza mwaka 2019, mwaka ambao mtaala wenyewe ulianza, sasa yuko ya saba, na sijawahi kuona msaada ambao haukuanzia mfukoni mwangu.

Kipimajoto kilinipeleka kwenye duka la dawa. Yule kijana akanipa cha kupimia homa. Kifaa hicho kinaanza digrii 35 na kuishia 42, kwa sababu waliokitengeneza walikuwa na binadamu akilini, si chupa. Tukakitumbukiza kwenye maji ya bombani, kikagoma kusoma. Tukakitumbukiza kwenye maji ya moto, nikakinyakua kabla hakijapasuka. Hivyo kwenye jedwali la mtoto halijoto zimeandikwa “baridi”, “vuguvugu” na “moto sana”, na hizo nimezipima kwa kidole changu, bure.

Kazi yenyewe si ngumu. Unakoroga hamira na sukari kwenye maji, unatia kwenye chupa, unavisha mdomo wa chupa puto, unasubiri. Mtoto akanieleza, kwa sauti ya mtu anayemfundisha mzee kutumia simu, kwamba hamira ni kuvu wa chembe moja, yuko hai, na sukari ndiyo chakula chake. Hapo nikaacha kula. Mimi chai yangu ilikwisha kukatwa hadi nusu kijiko, kwa makubaliano ya daktari na mama watoto ambayo sikualikwa. Na sasa naangalia vijiko vya kujaa, vyenye vilima, vikimiminwa kwenye chupa tatu za kuvu.

Ningevumilia kama sukari ingekwenda mahali pa maana. Lakini hesabu yake imo vitabuni: gramu 180 za glukosi zikiliwa na hamira, 92 zinakuwa pombe na 88 zinakuwa hewa ya kaboni. Yaani karibu nusu ya sukari niliyonunua inapanda kwenye puto. Ile nusu nyingine ni pombe, na kwa kuwa ni kazi ya shule, ilimwagwa nyuma ya jikoni.

Kumbe hata Ufaransa jambo hili lilianza na mzazi. Mwaka 1856, mjini Lille, bwana mmoja aitwaye Bigo alikuwa na kiwanda cha kutengeneza pombe kutokana na viazisukari. Mapipa mengine yalichacha vizuri, mengine yakaharibika akala hasara. Mtoto wake alikuwa anasoma kwa Louis Pasteur, basi baba akamwendea mwalimu. Pasteur akaja na darubini. Kwenye mapipa mazuri akaona chembe za mviringo za hamira. Kwenye yaliyoharibika akaona vijiti vidogo vidogo, viumbe wengine kabisa, wanaotoa uchachu badala ya pombe. Mwaka 1857 akatangaza kwamba kuchacha ni kazi ya viumbe hai, jambo ambalo mkemia Mjerumani Liebig hakutaka hata kulisikia. Hadithi nzuri. Ila Bigo alikuwa na shida, akampelekea mwalimu. Mimi sikuwa na shida yoyote mpaka mwalimu aliponiletea.

Turudi kwenye chupa. Ile ya moto sana ilikufa papo hapo. Maji ya Kitale huchemka kwenye digrii 94 hivi, ndiyo maana maharagwe yetu yanamaliza kuni, lakini hamira inakufa hata kabla ya 60. Puto lake likaning'inia kama soksi. Ile ya baridi haikufanya lolote. Na ile ya vuguvugu, ambayo nilikuwa na matumaini nayo, ilivimba kidogo, kisha jua likazama, nayo ikalala. Hamira inapenda digrii 30 na ushei. Usiku wa Julai hapa unashuka hadi 11 au 12. Mimi mwenyewe digrii 11 sifanyi kazi.

Binti akaandika kwenye ripoti kwamba jaribio lirudiwe mahali penye joto zaidi. Mahali hapo, akasema, ni kwa kukhu, yaani nyanya yake, Bungoma. Kitale iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, Bungoma 1,400 na kitu. Ni tofauti ya digrii tatu hivi, na nauli ya watu wawili.

Tukapanda matatu, chupa mpya ikiwa mapajani mwangu. Ndani mlikuwa na joto la watu waliobanana, hamira ikachangamka kuliko ilivyowahi kuchangamka nyumbani. Kiminini puto lilikuwa kama ngumi. Kamukuywa likafyatuka, povu likanimwagikia suruali, na harufu ikatangulia hadi kwa dereva. Mama aliyeketi kando yangu akakunja pua, akamtazama mtoto, akanitazama mimi, akasogeza kikapu chake. “Mzee,” kondakta akaita, “hiyo umeanza mapema.” Binti akaanza kueleza habari za Sayansi Jumuishi. Aliyesikiliza hayuko.

Mama yangu tulimkuta nyuma ya nyumba, anakaanga unga wa mahindi uliochachuka juu ya bati, anaugeuza kwa jembe lililokatika mpini. Huo ukipoa atauchanganya na maji na kimera cha wimbi, na siku mbili tatu baadaye ni pombe ya busaa. Hanunui sukari: nafaka iliyooteshwa ndiyo inayovunja wanga kuwa sukari. Wala hanunui hamira: inakuja na kimera chenyewe. Akaishika chupa yetu, akaitikisa, akanusa.

“Baba, hii inanywewa na nani?”

“Hainywewi, kukhu,” mtoto akasema. “Tunapima hewa.”

Akanitazama mimi. “Umepanda gari kutoka Kitale kuja kupima hewa.”

Sikuwa na jibu. Puto lilivimba Bungoma, hilo nakiri, likasimama wima alasiri nzima, tukalipiga picha. Tulipoondoka, pakiti za hamira zilizobaki na sukari yote iliyobaki zilikuwa kabatini kwa mama. Kesho kuna mandazi, alisema. Sikuulizwa.

Ripoti imerudi juzi. Binti amepewa “anakaribia matarajio”, kwa sababu picha hazikuchapishwa kwa rangi. Nyuma ya daftari kuna orodha nyingine: vipande vinne vya mkate, viachwe mpaka viote ukungu. Mwalimu amepigia mstari kwamba mkate uwe wa leo.