Usilambe Kwanza: Mwongozo wa Chumvi kwa Mgeni wa Shinyanga na Geita

Umeshuka kwenye basi Katoro, njaa inauma, kuku wa kienyeji yuko jikoni anachemka, na mwenyeji wako anakutuma: "Nisogezee chumvi hapo kabatini." Unafungua kabati, unakuta makopo manne, na yote yana unga mweupe. Kanuni ya kwanza ya mwongozo huu ina maneno mawili tu, na bila hiyo huenda usifike kwenye kanuni ya pili: usilambe kwanza.

Nilijifunza kanuni hiyo jikoni kwa mama mmoja ambaye wote tunamwita mayu, kama ilivyo desturi Usukumani. Nilikuwa nimeshafungua kopo la siagi lenye kutu mdomoni, kidole kiko njiani kwenda ulimini, akanidaka mkono. "Mwanangu, hiyo ni ya baba yako. Si ya mboga." Ilikuwa boraksi, unga ambao mumewe huinyunyizia dhahabu anapoiyeyusha ili uchafu ujitenge. Chumvi ya mboga ilikuwa kwenye kopo la pembeni: siagi ileile, kutu ileile. Mayu aliyatofautisha kwa kuyapima uzito mkononi. Wanawe watatu, mkubwa wao darasa la pili, hawakuwa na mkono wa namna hiyo.

Kanuni ya pili: ukiambiwa "chumvi", uliza "chumvi gani?" Usione haya. Jikoni neno hili lina maana moja, lakini kwa mkemia chumvi ni ukoo mzima. Asidi na besi zikikutana, kila moja humpunguzia mwenzake ukali, na kinachobaki pamoja na maji ndicho kinachoitwa chumvi. Ya mezani ni kloridi ya sodiamu. Sodiamu ni metali inayolipuka ikigusa maji, na klorini ni gesi iliyoua askari kule Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Hizo mbili zikishikana zinakuwa kitu cha kunyunyizia mayai. Binamu wa chumvi hiyo ni wengi. Shabu inayotuliza tope la maji ya lambo ni chumvi. Haluli ya kusafisha tumbo ni chumvi. Mkulima wa pamba anayesema "mbolea ya chumvichumvi" amesema kweli tupu ya maabara, pengine bila kujua. Hata udongo ambao Wasukuma wanauita ibambasi, ule mgumu unaogoma kupokea mvua, umeharibiwa na sodiamu. Na madoa ya kahawia kwenye meno ya watu waliokulia kwenye visima vya maeneo kadhaa ya Shinyanga ni kazi ya floridi, chumvi ambayo hakuna aliyeomba itiwe majini.

Wazee wa zamani hawakuuliza chumvi gani. Waliuliza iko wapi. Ziwa Viktoria, pamoja na ukubwa wake wote, ni la maji baridi. Halina hata kijiko cha kuazima. Vijana wa Usukuma walifunga safari za miguu hadi Ziwa Eyasi, wakarudi na mizigo ya chumvi. Upande wa magharibi kulikuwa na Uvinza, penye chemchemi za maji ya chumvi karibu na makutano ya mito Malagarasi na Ruchugi, ambako wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta mabaki ya kazi ya kuchemsha chumvi yenye umri wa zaidi ya miaka 1,000. Siku hizi njia imegeuka. Chumvi inaletwa ziwani kwa magunia, inakausha sangara, na sangara huyo anaitwa kayabo na kuuzwa hadi Kongo.

Kanuni ya tatu ndiyo ninayokuomba uisome mara mbili. Inahusu limau.

Sokoni utaonyeshwa ujanja mzuri wa kutambua magadi. Ukiyatonea limau yanatoa povu. Chumvi ya mezani inakaa kimya. Ujanja huo ni wa kweli, na muuzaji wa maharage ataufanya mbele yako akicheka. Lakini huku neno mwalo lina maana mbili. Kuna mwalo wa samaki na kuna mwalo wa dhahabu, na limau lisivuke kutoka wa kwanza kwenda wa pili. Mwaloni kwa wachimbaji, marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa kwa zebaki, hujazwa kwenye matangi na kumiminiwa maji ya saianidi ili kunyonya dhahabu iliyosalia. Njia hiyo ilibuniwa Glasgow, Uskoti, mwaka 1887, na mgodi mkubwa wa Geita, ulioanza kuzalisha mwaka 2000, hutumia saianidi hiyohiyo kwa kipimo cha kiwanda. Saianidi ya sodiamu nayo ni chumvi. Ni nyeupe, inayeyuka majini, na kiasi kisichojaza robo ya kijiko cha chai kinamuua mtu mzima, kwa sababu seli za mwili zinashindwa kutumia hewa aliyokwisha kuivuta. Ikikutana na asidi, hata ya limau, inatoa gesi inayoua kwa kuvutwa tu. Ndiyo maana mwenye tangi anayeijua kazi yake hutanguliza chokaa. Pua nayo usiitegemee: wapo watu waliozaliwa wasioweza kuisikia harufu yake.

Kwa hiyo unga usioujua haulambwi, haunuswi, hautonewi limau. Unafunikwa, na mwenyewe anaitwa.

Usidhani saianidi ililetwa na wachimbaji. Bibi aliyezoea muhogo mchungu aliijua siku nyingi, ingawa hakuiita jina hilo. Anamenya, anavundika, anaanika, anasubiri siku zake zitimie, ndipo anatwanga udaga. Subira hiyo ndiyo dawa. Mwaka 1985, ukame ulipobana huko Tarime, watu waliukatisha mpango huo kwa njaa, na wengi, hasa wanawake na watoto, wakapooza miguu kwa ugonjwa unaoitwa konzo. Na hata mabaki madogo yasiyopooza mtu yana hila nyingine: mwili huyageuza kuwa thayosaianeti, nayo hulizuia tezi la shingo lisipokee madini joto. Madaktari waliliona jambo hilo wazi kisiwani Idjwi, Ziwa Kivu, ambako ulaji wa muhogo ulikwenda pamoja na rovu.

Hapo ndipo chumvi ya mezani inapopata heshima yake. Tangu miaka ya 1990 kanuni za Tanzania zinataka chumvi ya kula iwekwe madini joto, na kwa mama mjamzito anayekula ugali wa muhogo mchana na usiku, pakiti ile ndiyo inayolinda ubongo wa mtoto tumboni. Nunua iliyoandikwa hivyo. Usiianike juani, usiiache wazi penye mvuke, na itie chakula kinapokaribia kuiva, maana madini hayo hupotea kwa joto na unyevu. Usizidishe pia: Shirika la Afya Duniani linasema gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kwa mtu mzima, zinatosha. Kula chumvi nyingi kwa maana ya kuishi miaka mingi ni baraka. Kwa maana ya kijiko ni presha.

Kanuni ya mwisho ni ya mfuko. Ukifuatwa na kijana mwenye mchanga unaometameta, anayekuambia duara lake, yaani shimo lake la kuchimbia, linatoa gramu ambazo hata mwenye leseni hazijui, kumbuka kwamba kutia chumvi si kwa maneno tu. Waingereza wenye migodi hutumia neno hilohilo la chumvi kwa hila ya kunyunyizia vumbi la dhahabu kwenye mawe matupu. Kampuni ya Bre-X ya Kanada iliuza hisa kwa sampuli za Indonesia zilizotiwa dhahabu ya mtoni; mwaka 1997 ukweli ulipojulikana, hisa zile zikawa karatasi. Pima kwanza, tena kwa mpimaji uliyemtafuta mwenyewe.

Na wewe mwenyeji wa mgeni huyu: leo jioni, kabla hujainjika sufuria, toa boraksi kabatini. Saianidi isilale kabisa ndani ya nyumba wanamolala watoto. Kisha chukua kalamu ya wino mzito, uandike jina juu ya kila kopo, kwa herufi ambazo mtoto wa darasa la pili anaweza kuzisoma.