Sifa za Jiwe Liitwalo Beethoven

Mwezi umesifiwa na washairi hata ukachoka, na nyota ya Zuhura haikosi mchumba. Lakini jiwe la angani lenye nambari 1815, lizungukalo baina ya Mirihi na Mushtarii kwa jina la Beethoven, halijapata wakili, na kwa kuwa sisi wa nyanda za juu za Kigoma twaijua vema hali ya kuwa mbali na macho ya wakubwa, si ajabu wakili huyo akitokea Kasulu.

Nianze na nasaba. Tarehe 27 Januari 1932, Karl Reinmuth, mwanafalaki wa Heidelberg, Ujerumani, ambaye maishani mwake aligundua karibu mawe 400 ya namna hii, alilinasa katika picha ya usiku, ambamo nyota hutoka nukta, na jiwe, kwa sababu latembea, hutoka mchirizi. Michirizi hiyo iliwaudhi wanafalaki waliotafuta mambo matukufu zaidi, hata wakayaita mawe haya wadudu waharibifu wa mbinguni, kwani yalizivamia picha zao kama kumbikumbi wa mvua za kwanza waivamiavyo karabai. Sisi tulao kumbikumbi hatuwezi kuiacha hukumu hiyo bila rufaa.

Tazameni kwanza uaminifu wake: hulizunguka jua kwa miaka mitano na miezi kama saba, wala halijapata kuchelewa, fadhila ambayo sijaisikia ikidaiwa na basi lolote liendalo Kibondo. Tazameni unyenyekevu wake: upana wake ni takriban kilomita 30, kiasi kwamba lingelazwa barabarani kutoka Kasulu, abiria angelimaliza lote na Kibondo bado i mbali. Jicho tupu haliwezi kuliona, kwa hiyo halimlazimishi mja yeyote kustaajabu. Nasi, kwa kuwa tu jirani na ikweta, hupitiwa na mawe ya ukanda ule karibu na utosi. Hata mrina asali wa miombo ya Kibondo, akeshaye juu ya mti na moshi wake akiwabembeleza nyuki, hupitiwa na muungwana huyu asiyemdai ushuru, kura wala mchango.

Na jina lake je? Ludwig van Beethoven, aliyezaliwa 1770 na kufariki 1827, alikuwa ameshapoteza usikivu simfoni yake ya tisa ilipochezwa Vienna mwaka 1824. Naye amepewa makao mahali pasipo hewa, ambapo hata ngoma zote za Buha zikipigwa kwa pamoja hapasikiki kitu. Insafu iliyoje! Jirani yake wa nambari, 1814, ni Bach, na Mozart naye yumo, nambari 1034, kwa jina la Mozartia. Mabingwa watatu katika ukanda mmoja, wala hakuna aliyewahi kulalamika kwamba mwenziwe ametangulizwa jukwaani.

Msidhani kwamba heshima hii ni ya Wazungu peke yao. Mwaka 1937 Cyril Jackson, akiwa Johannesburg, aligundua mawe ambayo leo yaitwa Ruvuma, Mombasa na Pemba, nambari 1427, 1428 na 1429. Pwani imepata, kama ilivyo desturi yake kupata kwanza, na hata mto wa kusini umekumbukwa. Bara ya magharibi yangoja zamu.

Kanuni si ngumu. Mgunduzi hupendekeza jina, kamati ya Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki huliidhinisha, na jina lenyewe lisizidi herufi 16. Basi mgunduzi yeyote mwenye jiwe lisilo jina, hata liwe dogo kuliko kilima cha Kasulu na lenye kuudhi kuliko yote, namsihi apeleke mbele ya kamati jina la mto wetu, Malagarasi: lina herufi 10, na 6 zinabaki akiba.