Utukufu wa Sare kwa Mshabiki wa Ng'ambo ya Kushoto

Katika mambo yote yanayomfika mshabiki wa soka, hakuna lililotukanwa sana na kutetewa kidogo kuliko sare, yaani matokeo ambayo timu mbili humaliza mechi zikiwa na mabao sawa na kila moja ikaambulia pointi moja. Ushindi una nyimbo zake. Kufungwa nako kuna visingizio vyake, ambavyo hutungwa kwa ufundi unaokaribia ule wa utenzi, kuanzia mwamuzi aliyehongwa hadi nyasi zilizofyekwa vibaya makusudi. Sare haina wimbo wala kilio, na mtangazaji anayelazimika kuitaja huipitia kwa pumzi moja ili awahi matokeo ya Ulaya. Uonevu huu umedumu mno, na kurasa hizi zinakusudia kuirudishia sare heshima yake kwa kuchunguza jinsi inavyomfaa binadamu mmoja mahsusi, naye ni mshabiki wa Lubunga.

Lubunga ni mojawapo ya komuni sita za mji wa Kisangani, komuni ikiwa ni sehemu ya mji yenye utawala wake, na ndiyo pekee iliyopo ukingo wa kushoto wa Mto Kongo. Zile tano nyingine, pamoja na ofisi za jimbo la Tshopo, mabenki na Uwanja wa Lumumba, ziko ukingo wa kulia, na kati ya kulia na kushoto hakuna daraja. Mwenye shida ya cheti, ya dawa au ya mpira huteremka hadi bichi, kama wenyeji wanavyoiita gati ya mitumbwi, akavuka kwa kasia, kwa injini, au kwa kivuko siku ambayo kivuko kinafanya kazi. Upande wa kushoto una kituo cha reli iliyofunguliwa mwaka 1906 ili kuyakwepa maporomoko ya Boyoma, kilomita 125 hadi Ubundu, na mtu aliyewahi kuingojea treni hapo hahitaji kufundishwa kwamba jitihada kubwa huweza kuzaa hali ileile iliyokuwapo kabla ya jitihada. Kwa hiyo mkazi wa Lubunga huingia uwanjani akiwa amekwisha kuiva kwa ajili ya sare, na kazi ya sare ni kumthibitishia tu aliyokuwa akiyajua.

Fadhila ndogo za sare zitajwe upesi. Inaokoa fedha, kwa kuwa mshindi hununulia watu bia kwa furaha na aliyefungwa hujinunulia mwenyewe kwa uchungu, wakati waliotoka sare hurudi nyumbani na akili zao. Inalinda ndoa ambamo mume ni wa TS Malekesa na shemeji zake wote ni wa AS Nika, klabu mbili za mji huohuo mmoja. Inamwachia kocha kazi yake hadi Jumapili ijayo. Tena katika ligi, ambako hakuna muda wa nyongeza baada ya dakika 90 na zile za majeruhi, sare humfungulia mshabiki mlango mapema akakimbilia bichi kabla giza halijaingia na nauli haijapanda, faida ambayo mwenzake wa Mangobo, komuni ya ukingo wa kulia, anayerudi kwake kwa toleka, yaani baiskeli ya kubebea abiria, hawezi hata kuifikiria.

Fadhila kuu, ambayo wataalamu wa mchezo wameipita kwa haraka isiyoeleweka, ni ya kihesabu. Zamani mshindi alipewa pointi mbili na waliotoka sare wakapata moja moja, hivyo kila mechi ilizaa pointi mbili, zikagawanywa zote, pasibaki kitu. Mwaka 1981 ligi ya Uingereza, kwa ushauri wa Jimmy Hill, aliyekuwa mchezaji kabla ya kuwa kiongozi wa klabu na mtangazaji, ikaanza kumpa mshindi pointi tatu ili timu zishawishike kushambulia, na Kombe la Dunia likafuata mwaka 1994 nchini Marekani. Tangu hapo mechi yenye mshindi hugawa pointi tatu, na mechi ya sare hugawa mbili. Msomaji aitazame hesabu hii kwa utulivu. Kipenga cha kwanza kinapolia, mezani pana pointi tatu. Kipenga cha mwisho kinapolia, mwenyeji ameondoka na moja, mgeni ameondoka na moja, na ya tatu haipo. Mwamuzi akipekuliwa atakutwa na kadi mbili, kalamu na saa. Washika vibendera wana vibendera. Kamishna wa mechi, yaani ofisa anayetumwa kuandika ripoti ya kila kilichotokea, hata maji ya kunywa yaliyochelewa, hataandika neno juu ya pointi iliyotoweka mbele ya macho yake. Hakuna risiti, hakuna shahidi, na ajabu kubwa zaidi ni kwamba hakuna anayeuliza: timu zote mbili hupeana mikono na kusema zimeridhika na pointi moja ugenini, hata ile iliyokuwa nyumbani.

Ushahidi wa jambo hili upo katika Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa Kodivaa Januari na Februari 2024. Kundi F lilikuwa na timu nne na mechi sita, hivyo lilikuwa na uwezo wa kutoa pointi 18; mwishoni Moroko ilikuwa na saba, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo tatu, Zambia mbili na Tanzania mbili, ambazo jumla yake ni 14. Pointi nne ziliyeyuka ndani ya siku nane, na Wakongo walihusika katika kuyeyusha tatu kati yake. Walitoka 1-1 na Zambia. Walitoka 1-1 na Moroko, baada ya Achraf Hakimi kutangulia kufunga mapema, Cédric Bakambu kugonga mwamba kwa penalti, na Silas Katompa kuchomoa bao dakika ya 76. Tarehe 24 Januari, mjini Korhogo, wakatoka sare tasa na Tanzania, yaani sare isiyo na bao hata moja, katika mechi ambayo ndugu wawili wa lugha moja walizuiana kwa adabu hadi mwisho. Watanzania, ambao nahodha wao Mbwana Samatta alikuwa kipenzi cha Wakongo wengi tangu alipoipa klabu yao ya TP Mazembe mabao ya ubingwa wa Afrika mwaka 2015, wakafunga mizigo, na Wakongo wakasonga mbele bila kumshinda mtu yeyote.

Hatua ya mtoano sare ilikataa kuwaacha. Tarehe 28 Januari, dhidi ya Misri, Meschack Elia alifunga, Mostafa Mohamed akasawazisha kwa penalti kabla ya mapumziko, na dakika 120 zikaisha 1-1. Kwa saa za Kisangani mpira ulikuwa umeanza saa nne ya usiku, na mwenye kutaka kujua sare inavyoliwa Lubunga aufikirie ukumbi wa video wa kawaida kule: mabenchi ya mbao, televisheni moja juu ya kabati, jenereta nje ya dirisha, na mwenye ukumbi anayenunua petroli kwa chupa, akiwa amepiga hesabu ya dakika 90 na mapumziko. Muda wa nyongeza ukaingia, na kijana akatumwa mbio na chupa tupu huku kofia ikipitishwa kwenye mabenchi. Baada ya saa sita ya usiku ndipo mikwaju ya penalti ilipowafikia makipa wenyewe. Wa Misri, Gabaski, akapiga mtambaa wa panya, na Lionel Mpasi akafunga, 8-7. Watu wakavunja mabenchi kwa furaha. Sasa utaratibu wa takwimu za soka unasema kwamba mechi iliyoamuliwa kwa mikwaju ya penalti huandikwa kuwa sare, mikwaju ikihesabiwa kuwa ni njia tu ya kujua nani asonge mbele, hivyo mabenchi yale yalivunjwa kwa ajili ya sare. Kati ya mechi saba za mashindano hayo Wakongo walishinda moja, dhidi ya Guinea, wakafungwa moja, na tano zilizobaki ni sare, ya mwisho ikiwa 0-0 na Afrika Kusini wakiwania nafasi ya tatu. Kwa mtaji huo wakawa wa nne Afrika. Walifika mbali kiasi hicho kwa kutoshinda, na mtu mwenye haki atakubali kwamba huo ni ustadi.

Kuhusu ile chupa ya petroli, hata hivyo, mtetezi wa sare hana budi kuuliza kwa nini iwe chupa. Bwawa la kufulia umeme la Mto Tshopo lipo katika mji huohuo tangu miaka ya 1950. Mto mkubwa wa pili duniani kwa wingi wa maji unapita mlangoni. Mtoto aliyezaliwa Lubunga miaka ile Kisangani ilipokuwa bado inaitwa Stanleyville ni babu leo, na bado anaangalia mpira kwa mafuta ya kupimiwa na anavuka kwenda hospitali kwa mtumbwi, na kila msimu wa uchaguzi anaahidiwa kitu chenye nguzo. Lakini hiyo si mada.

Mada ni pointi ya tatu, na faida yake kubwa ni kwamba humzoeza raia kutouliza. Aliyekwisha kukubali kuwa tatu zikigawanywa kwa watu wawili kila mmoja hupata moja hatashtuka akisoma ibara ya 175 ya Katiba ya 2006, inayosema kuwa asilimia 40 ya mapato ya kitaifa ni mgao wa majimbo na ikatwe papo hapo yanapokusanywa, kisha akatazama barabara za jimbo lake. Atajua kuna mechi imetoka sare mahali fulani.

Somo gumu zaidi mshabiki wa Lubunga alilipata mapema. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda, yote mawili yakiwa ugenini, yalipigana Kisangani kwa siku sita, kuanzia tarehe 5 hadi 10, na makombora yao yakaua mamia ya raia ambao hawakuwa wa upande wowote. Wachambuzi wa mambo ya kijeshi wameandika mengi kuhusu nani alimshinda nani. Waliozika hawakuhitaji uchambuzi huo, na si haki kuulizwa maoni yao juu yake. Ilipofika zamu ya sheria, Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ambayo ni chombo cha Umoja wa Mataifa cha kuamua kesi baina ya nchi na nchi, ilisema mwaka 2006 kwamba haina mamlaka ya kusikiliza kesi dhidi ya Rwanda, na tarehe 9 Februari 2022 ikaiamuru Uganda ilipe dola milioni 325 kwa vita vyote, wakati Kongo ilikuwa imedai zaidi ya bilioni 11. Kwa lugha ya uwanjani, Wakongo waliambulia pointi.

Hata hiyo iliyoambuliwa ilikuwa na safari ndefu. Uganda ilianza kulipa mwaka 2022, dola milioni 65 kwa mwaka, na fedha zikawekewa mfuko maalumu wa kugawa fidia kwa waathirika, unaojulikana kwa kifupi FRIVAO, wenye makao yake Kisangani. Kilichofuata ni orodha, uhakiki wa orodha, tuhuma juu ya orodha, na hatimaye Septemba 2025 Mahakama ya Kasasheni mjini Kinshasa ikamhukumu aliyekuwa Waziri wa Sheria, Constant Mutamba, miaka mitatu ya kazi za sulubu, kwa hatia aliyoikana, katika kesi ya dola milioni 19 za fedha hizo, zilizohusu ujenzi wa gereza. Gereza lenyewe lilikuwa lijengwe Kisangani. Mtu aliyepoteza mkono kwa kombora mwaka 2000, akafidiwa kwa kujengewa gereza jirani ambalo halikujengwa, amepata matokeo ambayo hata Jimmy Hill hakuyatabiri.

Ili sare isiendelee kulaumiwa kwa makosa ya watu wengine, linapendekezwa jambo moja la kiutendaji. Pointi zote za tatu zilizopotea tangu mwaka 1994 zikusanywe na kuwekwa katika mfuko wa kitaifa, wenye mratibu, naibu mratibu, magari matano ya kupanda milima katika mji usio na milima, na semina ya siku tatu ya kuwahamasisha walengwa kuhusu haki zao, itakayofanyika hotelini. Mashabiki waliopoteza pointi waandikishwe, wahakikiwe, waandikishwe tena. Ofisi ya mfuko, kwa sababu za kiutawala zilizo wazi kabisa, itakuwa ukingo wa kulia. Mshabiki wa Lubunga atavuka kwa nauli yake mwenyewe kwenda kusoma orodha iliyobandikwa ukutani, atakuta jina la baba yake limekosewa herufi mbili, ataambiwa kuwa mwenye kusahihisha ametoka kidogo na kwamba arudi Jumatatu akiwa na picha nne za pasipoti, na picha hizo, kwa kuwa fundi picha mwenye umeme yuko ukingo huohuo wa kulia, zitamvusha mto mara moja zaidi kabla ya Jumatatu yenyewe.