Ombi la Kuitangaza Drifti Kuwa Kivutio cha Taifa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Utalii na Wanyamapori,
Nairobi.

Mheshimiwa,

Tunasikia wizara yako inasaka vivutio vipya, maana mgeni naye huchoka na simba wa Mara na fuo za Diani. Usihangaike. Sisi wa Kitui na Makueni tumekuwa na utalii wa mito miaka nenda miaka rudi, ila kwa ushamba wetu tulikuwa tukiuita usafiri.

Ulaya watu hulipa pesa nyingi kupanda meli kwenye mito ya Rhine na Danube. Hukaa dirishani na kahawa wakitazama makasri, na mvua ikinyesha hugawiwa miavuli, wakashuka kwenda kuzuru makanisa ya kale. Sisi makasri hatuna, tuna malori ya mchanga. Meli pia hatuna. Hata maji hatuna kwa sehemu kubwa ya mwaka: Tiva, Enziu, Kaiti na Thwake huwa njia za mchanga tu, ambapo akina mama huchimba vishimo na kusubiri maji yajae kikombe kwa kikombe.

Lakini njoo Novemba. Hapa mtoni jua linaweza kuwa linawaka, kumbe vilimani huko juu imenyesha usiku kucha. Kwanza utasikia mvumo. Kisha maji ya rangi ya matope yatatokea kwenye kona yakisukuma matawi, mabua ya mahindi na kandambili ya mtu, na kabla hujamaliza kuuliza ni nini, drifti haionekani tena. (Kwa faida ya wageni wako, drifti ni zege lililolazwa sakafuni mwa mto ili gari lipite wakati maji hayapo. Maji yakiwepo, mto ndio hupita juu yake, na utalii huanzia hapo.)

Huduma zipo. Wapo vijana wa kukubeba mgongoni, na bei hupanda pamoja na maji. Mwenye suti hulipa zaidi. Pikipiki huinuliwa na vijana wanne mabegani kama jeneza, mwenyewe akifuata nyuma ameshika ufunguo. Mazungumzo nayo ni ya bure:

"Mama, shika shingo, usiangalie maji."

"Na ukiniangusha?"

"Nikikuangusha hulipi."

Bima ya aina hiyo hatudhani kama Rhine wanayo. Wao wana namba. Pale Köln, kipimo cha mto kikifika mita 8.30, meli zote husimama, za mizigo na za watalii, na hakuna nahodha anayepiga simu kwa mkubwa ili aruhusiwe kupita. Abiria hupandishwa mabasi, safari ikaendelea kwa barabara. Kipimo chetu sisi ni "wa mbele amepita." Ukiona aliyetangulia amefika ng'ambo, unakunja suruali. Maji yaendayo kasi yakifika magotini yanaweza kumwangusha mtu mzima, na yakifika sentimita 60 yanaweza kubeba magari mengi, lakini hayo huambiwi driftini. Huambiwi hata iwapo zege lenyewe bado lina mchanga chini yake au umeshapakiwa kwenye malori. Makueni ilitunga sheria ya kulinda mchanga wake mwaka 2015. Mito bado inaisubiri iamke mapema kuliko malori.

Ombi kama hili halikamiliki bila historia ya kivutio, basi tunaiandika. Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya kutoka Mwingi wakielekea harusini Nuu liliingia kwenye mto Enziu uliokuwa umefurika. Watu walisimama ukingoni wakilitazama likielemewa. Walikufa zaidi ya 30. Aprili 2024, lori lililojaa abiria lilipinduliwa na maji ya mto Muswii, Makueni, watu wakafa pia. Na kama ilivyo kila msimu, wananchi wakaambiwa wasijaribu kuvuka mito iliyofurika. Ushauri mzuri sana. Haukutaja pa kupitia.

Si kwamba kwa wenzetu hawafi. Tarehe 29 Mei 2019, usiku wa mvua pale Budapest, meli kubwa iliigonga mashua ya watalii Hableány kwenye Danube, nayo mashua ikazama na watalii kutoka Korea Kusini. Nahodha wa ile meli kubwa alishtakiwa, na mwaka 2023 akahukumiwa kifungo. Huku kwetu kesi huwa nyepesi: mshtakiwa ni mvua, na mvua haina anwani ya kupelekewa samansi.

Ukiona drifti haina hadhi ya kupokea wageni, tunalo bwawa la Thwake, pale Athi na Thwake zinapokutana mpakani mwa kaunti zetu mbili. Mkandarasi aliingia mwaka 2018, na likijaa linatarajiwa kubeba maji ya mita za ujazo milioni 688. Meli ya kwanza ya Ukambani itaelea hapo, tarehe ya kumalizika ikichoka kuahirishwa. Athi huteremka kutoka upande wenu wa Nairobi, kwa hiyo mgeni ataelea juu ya maji ambayo ninyi mmeshayatumia.

Kama yote haya hayafai, Mheshimiwa, tunaomba jambo dogo tu. Mwenzako wa Wizara ya Barabara hukaa nawe meza moja ya Baraza la Mawaziri. Mwinamie umwambie tunataka madaraja, aanze na drifti za njia za shule na hospitali. Yasipopatikana haraka, basi kila drifti iwekwe nguzo yenye alama, mnyororo wa kufunga njia, na mtu anayelipwa kuufunga maji yakifika alama hiyo, hata kama wa mbele amepita.

Mvua za vuli huanza Oktoba.

Ni sisi,
Wasafiri wa Kitui na Makueni